Kibao cha kijani si Interstate

Nimechoka kupokea ujumbe huu wa sauti, na kila nikiupokea huwa ni dereva mwingine: "Mzee, niko kwenye 40, lakini mbona kuna taa za barabarani na watu wanavuka?" Hauko kwenye Interstate 40, kijana, ile barabara kuu ya kasi ya shirikisho hapa Marekani. Uko Business 40, mtaa mkuu wa mji wa watu, na nyuma yako umevuta trela ya futi 53.

Imani yenyewe naijua kwa moyo. Kibao kina umbo la ngao ile ile, namba ile ile, kilichobadilika ni rangi tu: badala ya bluu na nyekundu ni kijani. Basi mtu anaamua kuwa hicho ni kipande kingine cha Interstate kinachopita mjini kusalimia na kurudi. Ofisini kwetu mimi ndiye ninayewapangia madereva njia, na naomba leo tulimalize jambo hili.

Mwongozo wa shirikisho wa alama za barabarani hapa Marekani unakiita kibao hicho cha barabara iliyo nje ya Interstate. Tena unakataza kabisa neno INTERSTATE lisionekane juu yake. Linalokaa hapo ni BUSINESS. Barabara yenyewe inaweza kuwa ya jimbo, ya kaunti au ya manispaa, na hakuna sheria inayoilazimu kufikia viwango vya Interstate. Ni kama mtoto aliyepewa jina la ukoo akanyimwa urithi. Urithi wenyewe ndio huu: hakuna makutano ya usawa mmoja (barabara kukatana bila daraja), hakuna taa, njia moja ya gari ina upana wa futi 12, na madaraja ya juu yameachiwa nafasi ya futi 16 mashambani na angalau 14 mjini. Ukiingia kwenye kijani, usimdai mtu chochote kati ya hivyo.

Kwa nini zipo? Kwa sababu ya miji iliyorukwa. Barabara za namba za Marekani, za US, zilipitishwa mwaka 1926, na zilipita katikati ya miji kwa makusudi, maana huko ndiko kulikokuwa na mafuta, chakula na vitanda. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya Interstate, na barabara mpya zikaanza kuizunguka miji hiyo. Wenye hoteli na vituo vya mafuta walilia, na sehemu ya jibu ilikuwa ni kuwaachia barabara yao ya zamani ikiwa na kibao kinachomwambia msafiri kuwa mji bado upo. Williams, Arizona, ndio mji wa mwisho wa Route 66, mojawapo ya hizo barabara za US, kurukwa, Oktoba 1984. Mwaka uliofuata Route 66 yenyewe ikafutwa. Pita Williams leo kwa Business 40 utakuwa juu ya lami ya Route 66 kuelekea mashariki, na kama unaelekea magharibi umehamishiwa mtaa wa pili, maana kila mtaa ni wa upande mmoja. Winslow ni vivyo hivyo: Second Street kwenda, Third Street kurudi, na kwenye kona moja wamechora ngao kubwa ya Route 66 katikati ya makutano, watalii wanasimama juu yake kupiga picha. Ingia hapo na trela uone raha.

Kama vibao hivyo vinawaletea wenyeji wateja, mimi sijashawishika. Mtu mwenye njaa hutafuta chakula kwenye simu, hafuati ngao ya kijani. Lakini wapangaji wa barabara wanalisema kana kwamba limeshathibitishwa, nami huwa nanyamaza mkutanoni.

LOOP na SPUR, yale maneno madogo kwenye kibao cha kijani, haraka haraka: LOOP hutoka kwenye Interstate na kurudi kwenye Interstate hiyo hiyo. SPUR huingia mjini na kufia huko, hairudi. Ukikosa kulisoma neno hilo dogo, utageuzia trela kwenye maegesho ya kanisa.

Halafu namba. Interstate za tarakimu tatu hazirudiwi ndani ya jimbo moja. Za kijani hurudiwa bila haya. Arizona peke yake Business 40 iko Kingman, Ash Fork, Williams, Flagstaff, Winslow na Holbrook. Kwa hiyo ukinipigia ukasema "niko Business 40 Arizona", hujaniambia kitu. Taja mji. Texas angalau huongeza herufi baada ya namba ili kutofautisha.

Sasa nifike pale panaponiuma hasa, yaani ruhusa ya trela yako kuwa hapo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 inazibana serikali za majimbo ziruhusu malori ya vipimo vikubwa, upana wa inchi 102 na trela ndefu, kwenye Interstate na kwenye barabara nyingine zilizoorodheshwa, ule mtandao wa kitaifa wa malori. Kuwa na ngao ya kijani hakuiingizi barabara kwenye orodha hiyo. Baadhi zimo kwa sababu zake nyingine, nyingi hazimo. Hapo dereva mjanja hunijibu: "Lakini mzee, kuna maili moja." Ndiyo, ipo. Kanuni inasema jimbo haliwezi kukunyima njia ndani ya maili moja ya barabara kutoka kwenye mtandao huo ukienda kituo cha mzigo, mafuta, chakula, matengenezo au mapumziko, kwa njia iliyo ya busara na inayowezekana, isipokuwa kuna sababu maalumu ya usalama kwenye njia hiyo. Soma tena sentensi hiyo. Inakuruhusu kufika mahali. Haikupi ruhusa ya kukatisha mji mzima kwa sababu foleni imekuudhi. Na nikiri kuwa hata mimi sipendi kuitegemea: nani anaamua kipi ni cha busara? Saa sita usiku, pembeni ya barabara, anaamua askari, na kitabu changu kiko ofisini.

Uzito nao usiuchanganye na urefu. Pauni 80,000 ni kikomo cha shirikisho kwenye Interstate. Nje ya hapo unakutana na vikomo vya jimbo, na kwenye daraja kuukuu la mjini utakutana na kibao chake chenye uzito mdogo zaidi. Urefu wa kwenda juu ndio mbaya kuliko yote, maana miji mingi iliyorukwa ilikua kando ya reli, na barabara ya zamani hupenya chini ya reli hiyo. Trela yako ina futi 13 na inchi 6. Pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi 12 na inchi 4, na bado linachuna mapaa ya malori. Halipo kwenye Business yoyote, nalitaja ili ujue kwamba daraja halisomi namba ya barabara.

Wapo watakaonijibu kwa mifano, na mifano yao ni ya kweli. Winston-Salem ilikuwa na Business 40 iliyokuwa barabara ya kasi kamili, bila taa hata moja. Ndiyo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa I-40 yenyewe hadi 1992, ilipojengwa mpya kusini mwake. Tangu 2020 inaitwa Salem Parkway na ngao ya kijani imeondoka. Sacramento ni kichekesho zaidi: Business 80 ilikuwa I-80, na kilichokuwa kipande chake cha magharibi hadi leo kwenye makaratasi ya shirikisho ni Interstate 305, namba ambayo hutaiona kwenye kibao chochote. Kwa hiyo kichwa cha makala hii kilikuwa na tundu hapo Sacramento. Nimekubali. Na ukitaka tundu la upande wa pili nenda Breezewood, Pennsylvania, ambako I-70, ya bluu na nyekundu kabisa, inakusimamisha kwenye taa katikati ya vituo vya mafuta. Vituko hivi vitatu havikupi haki ya kubahatisha kwingine kote.

Kibaya kuliko vyote ni kuikimbilia LOOP wakati Interstate imefungwa. Fikiri kidogo: inaanzia kwenye I-80 na inaishia kwenye I-80. Laramie, Wyoming, theluji ikichachamaa, wanashusha mageti ya kuifunga I-80, na Business 80 ya mjini itakurudisha kwenye geti. Tena Wyoming hufunga barabara hata mbali na dhoruba, mji ulio mbele ukijaa malori hadi pa kuegesha pakakosekana. Njia mbadala ya kweli pale ni US 30 na 287 kupitia Rock River na Medicine Bow hadi Walcott, barabara ya zamani. I-80 ilifunguliwa sehemu hiyo mwaka 1970 ikapita karibu na Elk Mountain kwa sababu ni kufupi, ingawa wenyeji walionya juu ya upepo na theluji ya huko. Madereva wanaulipia ukaidi huo kila majira ya baridi. Lakini hata US 30 hufungwa, kwa hiyo angalia taarifa za jimbo kabla hujaiacha I-80, siyo ukiwa tayari Rock River.

Kuhusu zile zenye bamba la ALT, yaani Alternate, njia mbadala, kama Alt 40 ya Maryland inayopanda South Mountain kisha kushukia katikati ya Boonsboro: hizo ni za namba za US, ngao yake nyeupe, na nyingine ni ndefu kupita LOOP yoyote. Masharti ya trela ni yale yale. Nitumie jina la mji kabla ya kutoka kwenye Interstate, nami nitakuambia kama unapita.