Binti anasoma kama maji, lakini bei ya mahindi imepanda au imeshuka?

Siku ya wazazi, katika shule ninayofundisha Kiingereza hapa Busia, upande wa Uganda, baba mmoja alinijia na karatasi ya matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ikiwa imekunjwa mara nne. Salamu zilikuwa fupi. "Mwalimu, huyu mtoto nyumbani anatusomea gazeti la Kiingereza kama maji. Wageni wakija tunamwita awasomee. Imekuwaje apewe D?"

Nilimwomba binti achukue gazeti lililokuwa mezani asome habari moja ya bei za mahindi. Alisoma aya nzima bila kukwama, sauti nzuri, hata vituo alivizingatia. Nikamuuliza: basi bei imepanda au imeshuka? Akanitazama. Akalitazama gazeti. Kisha akaanza kusoma tena kutoka juu, kwa sauti ileile.

Baba yake alinyamaza. Alikuwa ameelewa kabla sijatia neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika pembeni ya daftari langu mambo ninayoyasikia kwa wazazi, na kwa walimu wenzangu pia, kuhusu jinsi ya kupima kama mwanafunzi wa sekondari anaelewa Kiingereza anachokisoma na anachokisikia. Mengi ni makosa. Mengine niliyaamini mwenyewe kwa miaka.

"Akisoma bila kukwama, ameelewa"

Hili ndilo kubwa, na sisi waswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulikataa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo yeyote anayejua herufi anaweza kukisoma. Siku hizi somo la Kiswahili ni la lazima S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili), na kila mwaka napata watoto kutoka Teso ambao wiki ya pili tu wanasoma ukurasa mzima wa Kiswahili kwa sauti. Maana hawaijui hata ya sentensi moja. Hakuna anayedanganyika hapo, kwa sababu tunajua hawajajifunza lugha. Mtoto huyohuyo akifanya hivyo kwa Kiingereza, tunampigia makofi.

Nadhani kinachotupumbaza ni tahajia ya Kiingereza, jinsi ilivyo ya kihuni. Mtoto akiweza kutamka "though", "through" na "cough" bila kuzichanganya, tunaona amevuka mlima, na tunasahau kuuliza ng'ambo ya mlima kaona nini.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kwa hesabu rahisi: ufahamu wa kusoma ni uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, ukizidishwa kwa uwezo wa kuelewa lugha yenyewe inaposemwa. Ukizidishwa, si ukijumlishwa. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mia. Tazama pia kilichojificha humo: nusu ya kusoma ni kusikia. Mtoto asiyeelewa habari akisomewa, hataielewa akiisoma mwenyewe.

"Maswali ya ufahamu yanapima ufahamu"

Yanaweza, kama yametungwa vizuri. Hebu soma sentensi hii niliyoibuni: *Mipwari mitatu ilimdwina Sibwe kandokando ya mfuro.* Sasa jibu. Mipwari ilikuwa mingapi? Ilimdwina nani? Ilimdwinia wapi?

Umepata yote matatu, na hujui mpwari ni mdudu au ni mti. Umetumia sarufi tu: umeona lile swali linafanana na sehemu gani ya sentensi, ukainakili. Wanafunzi wetu ni mabingwa wa kazi hii. Anachukua neno moja la swali, analitafuta katika kifungu, ananakili sentensi lilimo, anapata alama. Ukimuuliza kwa nini mhusika alikasirika, mkono unashuka.

Kwa hiyo mimi sasa nikitunga jaribio, swali ambalo jibu lake linaweza kunakiliwa neno kwa neno nalifuta, au naliacha moja tu la kuwatia moyo wanyonge. Yaliyobaki yanadai mtoto aunganishe aya mbili, au aseme kiwakilishi fulani kinamrejelea nani, au ateue kichwa cha habari kinachofaa na aseme kwa nini vingine havifai. Ufupisho, ambao umekuwa sehemu ya karatasi ya pili ya UNEB miaka na miaka, wanafunzi wanauchukia kwa sababu hiyohiyo: ukinakili tu, unapitiliza idadi ya maneno.

Upande wa pili kuna swali linalojibika bila kusoma kabisa. Niliwahi kuwapa S3 kifungu cha uvuvi katika ziwa Victoria. Watoto wa Majanji, waliokulia kwenye mialo, walijibu karibu kila kitu, na mmoja alikuwa hajafungua hata ukurasa wa kifungu, nilimwona. Alikuwa anajibu kutoka kwa baba yake, si kutoka kwenye karatasi. Tangu hapo kabla ya jaribio nampa mwalimu mwenzangu maswali peke yake bila kifungu. Akipata mengi, narudi kutunga upya.

"Kuchagua A, B, C au D ni bahati nasibu"

Kwa swali moja, ndiyo. Kwa maswali arobaini, hapana. Anayebahatisha yote, kila swali likiwa na majibu manne, atapata kama kumi. Nafasi ya kubahatisha na kufikisha ishirini ni chini ya mmoja katika elfu. Ubaya wa maswali haya uko kwa mtungaji: majibu matatu ya kipuuzi na moja refu, lililonyooka, ambalo hata mbuzi angelichagua.

"Hakuna haja ya kupima kusikiliza, wanasikia Kiingereza kutwa"

Hapa ndipo ninapogombana na watu.

Karatasi za Kiingereza za UCE (mtihani wa taifa wa S4) tulizozizoea, 112/1 na 112/2, zote ni za kalamu: insha upande mmoja, na upande wa pili ufupisho, ufahamu na sarufi. Mtoto ameweza kuingia S1, akatoka S4 na cheti, bila kuulizwa hata siku moja: umesikia nini? Mtaala mpya ulioanza 2020, ambao mtihani wake wa kwanza wa UCE ulifanyika 2024, unataja kusikiliza na kuzungumza waziwazi kama stadi za kufundishwa, na asilimia 20 ya alama inatokana na kazi za shuleni. Nafasi ya kupima masikio basi ipo. Lakini mwalimu mwenye watoto themanini darasani hufundisha kinachokuja kwenye mtihani wa mwisho, na simlaumu sana.

Je, ni kweli wanasikia kutwa? Wanakaa ndani ya Kiingereza kutwa, hilo sawa. Ila tazama tunavyofundisha. Nasema jambo, nalirudia, naliandika ubaoni, nikiona macho yamefifia natia neno la Kisamia, lugha ya hapa, au Kiswahili, darasa linacheka, tunaendelea. Mtoto ameelewa somo, na hilo ni jema. Hajaonyesha kwamba anaweza kuelewa sauti ya mtu asiyemjua, anayesema mara moja na kupita.

Nilijaribu. Niliwasomea S4 tangazo la dakika mbili kuhusu safari, mara moja tu. Ndani yake msemaji anasema basi litaondoka saa moja, kisha anajirekebisha: hapana, dereva ameomba iwe saa moja na nusu. Wengi waliandika saa moja. Walinasa namba ya kwanza wakashusha kalamu. Wachache waliandika saa saba na nusu, kwa sababu namba ya Kiingereza, "seven", waliiandika kama ilivyo, wakasahau saa zetu zinahesabiwa kutoka alfajiri. Hao niliwapa nusu alama. Kosa lao lilikuwa la saa, masikio yalikuwa mazima.

Maandishi yanakusubiri. Unarudi juu, unasoma tena, kama yule binti. Sauti haisubiri, na maneno ya Kiingereza yakisemwa haraka hushikana, silabi nyingine humezwa kabisa. "Fifteen" na "fifty" kwenye karatasi ni maneno mawili tofauti. Redioni, mtu anayenunua mahindi anaweza kupata hasara.

"Kupima kusikiliza ni kwa nchi zenye maabara za lugha"

Korea Kusini, katika mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanywa kila Novemba, maswali 17 kati ya 45 ya Kiingereza ni ya kusikiliza. Sauti inatoka kwenye spika za darasani, na kwa takriban nusu saa ndege haziruhusiwi kutua wala kupaa nchi nzima, watoto wasije wakakosa neno. Japani, mtihani wa taifa wa kuingilia vyuo ulipoongezewa kusikiliza mwaka 2006, kila mtahiniwa alipewa kimashine kidogo chenye spika za masikioni. Tangu 2021, katika mtihani uliochukua nafasi ya ule wa zamani, kusikiliza kuna alama 100 na kusoma 100, sawa kwa sawa.

Ndege tunaweza hata sisi kuzizuia. Mvua ya Novemba kwenye mabati nani ataizuia? UCE huangukia msimu wa mvua, na ikianza kumwagika saa nane mchana hata mwalimu aliye mbele yako humsikii. Huo ndio ugumu wa kweli, si maabara.

Kwa jaribio la shule, inatosha simu moja na spika ya kubeba mkononi, au mwalimu wa darasa jingine asome kwa sauti yake. Fanya asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika. Sauti ichezwe mara moja au mara mbili? Mitihani yenyewe haikubaliani: IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hucheza mara moja tu, ule wa Cambridge wa ngazi ya B2 (ya kati na zaidi) hucheza mara mbili. Mimi hucheza mara mbili, kwa sababu kwenye maisha mtu ana haki ya kusema "samahani, umesemaje?"

Na sauti hiyo si lazima iwe ya Mzungu. Mwalimu mmoja aliniambia jaribio halina heshima bila rekodi kutoka London. Watoto hawa wakitoka shuleni watasikia Kiingereza cha mhadhiri Makerere, cha karani wa forodha Malaba, cha filamu za Nigeria, cha Mkenya wa upande wa pili wa barabara. Lafudhi ngeni kabisa inaweza kumwangusha mtoto anayeielewa lugha vizuri, na hapo umepima ugeni. Changanya sauti. Hata IELTS haiishii kwenye sauti za Waingereza. Utasikia Waaustralia na Wamarekani humo.

Vivyo hivyo matamshi ya mtoto mwenyewe. Mganda akisema "rice" ikasikika kama "lice", tunacheka na kuhitimisha kwamba hasikii tofauti. Katika Luganda R na L hupokezana kufuatana na irabu iliyotangulia, na ulimi umezoea hivyo. Mpe picha mbili, ya wali na ya chawa, soma neno, aonyeshe kwa kidole. Ndipo utajua kama ni sikio au ni ulimi.

"Huyu wa kutoka Congo hajui kusoma kabisa"

Mwaka juzi tulimpokea kijana kutoka Kivu, mashariki mwa Congo, amesoma kwa Kifaransa hadi darasa linalolingana na S2 yetu. Jaribio la kwanza la ufahamu alipata mawili kati ya ishirini. Kwenye kikao mtu alipendekeza arudishwe P6, darasa la sita la msingi.

Niliomba siku moja. Nilikitafsiri kifungu kilekile kwa Kiswahili, maswali yaleyale, akajibu kwa Kiswahili chake cha Kivu. Alipata kumi na nane, na swali la kwa nini mhusika alidanganya alilijibu vizuri kuliko mwanafunzi wetu wa kwanza. Kusoma anajua: kubashiri, kuunganisha, kumshuku msimulizi. Alichokosa ni maneno ya Kiingereza, na maneno hufundishwa. P6 wangemfundisha kusoma, kitu anachokijua tayari.

Baadaye nikaenda mbali zaidi. Jaribio la kusikiliza lilikuwa la Kiingereza, majibu nikamruhusu ayaandike kwa Kiswahili. Kama nataka kujua sikio lake limepata nini, tahajia yake ya Kiingereza inanihusu nini? Mitihani mingine mikubwa hukata alama kwa tahajia hata kwenye kusikiliza, najua, na S4 wangu nawafundisha wajihadhari. Lakini hiyo ni kanuni ya mtihani ule. Alipata kumi na moja kati ya ishirini. Miezi minne nchini, kumi na moja.

DOS, mwalimu msimamizi wa taaluma, alishika karatasi tatu mkononi, mawili, kumi na nane, na kumi na moja, akaniuliza aandike ipi. Kitabu cha alama cha shule kina safu moja tu ya Kiingereza. Nilichukua rula nikachora safu mbili zaidi pembeni.