Mtoto Mchanga Mwenye Ulimi Uliofungwa: Je, Akatwe Ili Anyonye Vizuri?

Ulimi uliofungwa ni hali gani?

Chini ya ulimi wa kila mtu kuna utando unaouunganisha na sakafu ya kinywa. Baadhi ya watoto huzaliwa utando huo ukiwa mfupi au umekaza, hata ulimi ukashindwa kutokeza nje au kuinuka vizuri.

Hali hiyo inaathirije unyonyeshaji?

Mtoto anaponyonya vizuri hufungua kinywa wazi, ulimi wake ukavuka ufizi wa chini na kulishika titi pamoja na sehemu kubwa ya ngozi nyeusi inayozunguka chuchu. Ulimi usiofika huko humfanya aiminye chuchu kwa ufizi. Ndiyo maana mama huiona ikitoka kinywani imebanwa bapa, pengine imepasuka na kutoa damu, huku mtoto akinyonya muda mrefu bila kushiba. Titi lisilotolewa maziwa ya kutosha nalo hupunguza kuyatengeneza, kwa hiyo tatizo lililoanza kama maumivu ya mama laweza kuishia katika uzito wa mtoto kutoongezeka.

Basi kila mwenye utando huo akatwe?

Hapana, na hapa nawasihi wazazi wasiharakishe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba chini ya nusu ya watoto wenye dalili za ulimi uliofungwa hupata shida ya kunyonya. Tena chuchu huchubuka mara nyingi kwa sababu ya mkao usiofaa tu. Kuchungulia kinywani hakutoshi: mkunga au mshauri wa unyonyeshaji amtazame mama akinyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho, amsaidie kumsogeza mtoto tumbo kwa tumbo, kidevu kikiligusa titi, na afuatilie uzito. Maumivu yakiendelea licha ya msaada huo, na ulimi ukaonekana wazi kuwa ndio unaozuia, kukata ni uamuzi wa busara.

Upasuaji wenyewe hufanywaje?

Mtaalamu huuinua ulimi na kuukata utando kwa mkasi safi wenye ncha butu. Kwa mtoto mchanga nusukaputi haihitajiki, na kwa kawaida damu hutoka matone machache, kisha mtoto hupewa titi papo hapo. Kabla ya hapo, mzazi aseme kama mtoto hakuchomwa sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda, au kama ukoo una ugonjwa wa damu kutoganda. Leza haijathibitishwa kuwa bora kuliko mkasi.

Je, husaidia kweli?

Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyojumuisha majaribio 5 yenye watoto 302, yalionyesha kwamba maumivu ya chuchu hupungua kwa muda mfupi, lakini hayakupata ushahidi thabiti kwamba mtoto mwenyewe hunyonya vizuri zaidi. Kwa mama anayeuma meno kila mtoto akilia njaa, nafuu hiyo si ndogo. Ila bado atahitaji msaada wa kunyonyesha baada ya mtoto kukatwa utando.

Nitazame nini tukirudi nyumbani?

Kidonda cheupe au cha manjano chini ya ulimi ni cha kawaida na hupona ndani ya wiki moja au mbili. Damu isiyokoma, homa, au mtoto kukataa titi na kukojoa kidogo kuliko kawaida, ni sababu ya kumrudisha hospitali mara moja.