Usiikate dawa ya tezi kwa wembe

Jumatatu iliyopita, kabla sijamaliza kufungua dirisha la dawa, mama mmoja aliweka fundo la leso mbele yangu. Ndani mlikuwa na vidonge vya kabimazoli vilivyokatwa kwa wembe, robo robo, vingine vimeshageuka unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi dawa zimeninenepesha. Watoto wakasema nipunguze mwenyewe, kidogo kidogo."

Alikuwa amepunguza kwa wiki 5. Nikamwomba anyooshe mikono, nikamwekea karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza kama jani. Mapigo ya moyo 118 kwa dakika, na alikuwa amekaa kwenye benchi zaidi ya nusu saa.

Niko dirishani hapa Dar es Salaam miaka 16 sasa, na maneno ni yale yale: dawa ya tezi inaleta njaa, dawa ya tezi inanenepesha, ukiona unaumuka punguza. Nimeshayajibu kwa mtu mmoja mmoja huku foleni ikifika mlangoni. Leo nayaandika.

Kwanza, "dawa ya tezi" siyo dawa moja. (Naongelea tezi ya shingoni, thairoidi. Tezi dume ni habari nyingine kabisa, na wanaozichanganya ni wengi.) Levothairoksini ni homoni yenyewe, anapewa ambaye tezi yake imelala au imeondolewa. Kabimazoli inaizuia tezi kutengeneza homoni. Anapewa ambaye tezi yake imepitiliza. Hizi zinavuta kamba kila moja upande wake. Propranololi inayoongezwa mwanzoni kazi yake ni kutuliza moyo na mikono wakati kabimazoli haijashika, na mwenye pumu aseme mapema kabla hajaandikiwa. Kwa hiyo ukiniambia "wifi yangu alimeza dawa ya tezi akanenepa", bado hujaniambia kitu. Niletee boksi nilione.

Sasa njaa yenyewe. Tezi ikipitiliza, mwili unachoma chakula kama jiko la mkaa linalopepewa bila kupumzika. Mtu anamaliza sahani mbili za wali, saa moja baadaye anatafuta mihogo ya kukaanga, na bado sketi inampwaya. Mtaani wanamsifia kwamba amepungua. Akianza kabimazoli, wiki ya kwanza haoni tofauti, kwa sababu tezi ina ghala la homoni iliyokwisha kutengenezwa na kabimazoli haiwezi kuligusa. Inazuia mpya tu. Ghala linachukua wiki 3, 4, wakati mwingine zaidi, ndipo liishe. Njaa ya mwezi wa kwanza basi ni ya ugonjwa, imekutwa na dawa njiani, na dawa ndiyo inayolaumiwa.

Halafu moto unashuka, lakini mkono umeshazoea sahani mbili. Hapo ndipo kilo zinaporudi kwa kasi, na hapo ndipo mawifi na mashangazi wanapoanza kusema. Wagonjwa wangu nawaambia hivi: kuanzia wiki ya nne anza kupima uzito, mara moja kwa juma, siku ile ile na mzani ule ule. Kilo zikianza kupanda, punguza wali au ugali, usipunguze maharage, dagaa wala mayai, maana ugonjwa umekula misuli na misuli inahitaji kujengwa upya. Mboga ianze kuingia tumboni kabla ya wali. Soda na juisi za sukari ziache kabisa kwa miezi hiyo.

Ila wanaosema dawa inanenepesha wana punje ya ukweli, na punje hiyo naijali sana kwa sababu imefunikwa na kelele. Dozi ya kabimazoli ikiwa kubwa kuliko mahitaji, tezi inalala kabisa. Mtu anavimba uso, anakaa siku tatu bila choo, mapigo yanakuwa ya pole, na anajifunika shuka zito katika Dar ya mwezi wa pili. Huyo ananenepa kweli, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji na chumvi. Anahitaji kupunguziwa dozi, tena haraka, lakini kwa kipimo. Wengi huanza na miligramu 20 hadi 40 kwa siku, kisha hushushwa taratibu mpaka 5 hadi 15, na matibabu huenda miezi 12 hadi 18. Kushushwa kumo ndani ya mpango tangu siku ya kwanza! Kinachotokea ni kwamba mtu amepata nafuu, nauli ni shida, kipimo ni hela, kliniki anairuka, na anaendelea kumeza dozi ya mwanzo mwezi wa tano huu. Akija kuona mwili umejaa, anashika wembe. Angerudi kliniki wiki ya sita angekuwa ameshashushiwa.

Na kipimo chenyewe kina mtego. Miezi ya mwanzo ya kabimazoli, TSH (homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi, hushuka tezi ikipitiliza) inaweza kubaki chini muda mrefu ilhali T4, homoni ya tezi yenyewe, imesharudi kawaida, au hata imeshuka kupita kiasi. Nimewahi kupokea cheti cha mgonjwa aliyeongezewa dozi kwa sababu TSH "bado iko chini", T4 haikupimwa kabisa. Alikuja kope zimevimba, sauti nzito, maneno yanatoka moja moja. Nilimpigia daktari aliyeandika, tukaongea vizuri, T4 ikapimwa, dozi ikashushwa. Ukiwa kwenye kabimazoli, uliza kama T4 nayo imepimwa. Kuuliza si utovu wa adabu.

Zamani nilikuwa nawaambia wagonjwa kwa uhakika: usiogope, unarudisha tu kilo zilizochukuliwa na ugonjwa. Siku hizi sisemi hivyo. Nimewapima mwaka mzima, na wapo wanaorudisha kilo zao na kuongeza nyingine juu, majibu yote yako sawa, na chakula wanachoniandikia kwenye daftari ni cha kawaida. Vitabu nilivyosomea vilipita hapa kwa sentensi moja. Naamini sehemu ni mazoea ya sahani, sehemu ni misuli iliyoliwa, kwa sababu mwili wenye misuli michache unachoma kidogo. Jibu kamili sina, na simlaumu mgonjwa kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza. Vivyo hivyo upande wa levothairoksini: wapo ambao TSH imekaa mahali pake na bado uchovu na njaa haviwaachi. Wasiambiwe kwamba wanajitungia.

Nikishataja levothairoksini, nije kwenye malalamiko ninayoyasikia kila siku ya Mungu: "Dokta, kile kidonge nikimeza, saa nne njaa inaniuma mpaka natetemeka." Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, baada ya siku kama 7 ndipo nusu yake inakuwa imeondoka. Ndiyo maana dozi ikibadilishwa tunasubiri wiki 6 hadi 8 kabla ya kupima tena. Kidonge cha leo alfajiri kimeungana na vya juzi na vya wiki iliyopita, hakina nguvu ya kukuamshia njaa saa nne ya leo. Basi huwa nauliza asubuhi yako inakwendaje. Dada mmoja wa Gongo la Mboto alinieleza: anaamka saa kumi na nusu, anaoga, anawaandaa watoto, anameza kidonge saa kumi na moja na nusu akiwa anatoka mlangoni, na kwa kuwa aliambiwa asile ndani ya saa nzima, anapanda daladala tumbo tupu. Foleni. Posta anafika saa moja na nusu, kazi inaanza, anakuja kukaa chini na supu na chapati mbili saa nne. Tangu ale jana usiku zimepita saa 14. Hata mimi ningetetemeka.

Tulichobadilisha ni saa tu. Kidonge na glasi ya maji vinakaa karibu na kitanda. Anameza akifumbua macho, saa kumi na nusu, na mpaka anamaliza kuoga na kuwavalisha watoto nusu saa hadi saa nzima imepita. Anakula kabla ya kutoka, yai na viazi vitamu. Njaa ya saa nne imekwisha. Asiyeweza alfajiri ameze wakati wa kulala, zikiwa zimepita saa 3 au zaidi tangu chakula cha mwisho, ila achague moja, asiwe leo asubuhi kesho usiku.

Hapo hapo kwenye kifungua kinywa kuna wezi wa dawa. Kahawa na chai ya maziwa zikifuatana na kidonge, kiasi kinachoingia kwenye damu kinapungua. Uji wa lishe ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu watu wanaunywa kwa nia njema na umejaa soya, na soya inaizuia levothairoksini. Usiuache, uusogeze mbele. Vidonge vya kuongeza damu, fefo ile ya kliniki ya wajawazito, na vya kalisi, viachanishwe na levothairoksini kwa saa 4. Ukimeza omeprazoli, ile ya kupunguza asidi tumboni, kila siku, mwambie daktari. Kabichi iliyopikwa kula, sielewi kwa nini watu wananyimwa kabichi.

Dozi ya levothairoksini ikizidi, dalili zinafanana na tezi iliyopitiliza: moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, kuharisha, njaa, jasho. Jasho la Dar halinisaidii, sote tunatoka jasho. Natazama mikono, naweka karatasi vidoleni, nahesabu mapigo dakika nzima. Yakipita 100 ukiwa umetulia, nenda ukapime. Na wasichana wanaotafuta levothairoksini ili wapungue: dozi ndogo haitawapunguza, dozi kubwa itauvuruga moyo. Dirishani kwangu hawaipati bila cheti.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Unameza kabimazoli, umepata homa na koo linauma, au vidonda mdomoni. Kwa jinsi tunavyoishi hapa mjini, utapitia duka la dawa, utanunua mseto wa malaria, utanunua antibayotiki, utalala. Usifanye hivyo. Ni nadra, haimpati hata mtu 1 katika kila 100, lakini kabimazoli inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu mpaka mwili ukose askari kabisa, hasa miezi 3 ya mwanzo. Acha kidonge siku hiyo hiyo, nenda hospitali hata kama ni usiku, sema wazi "natumia kabimazoli", na omba FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Malaria nayo ipimwe, lakini majibu ya malaria yasikurudishe nyumbani kabla ya FBP. Kijana mmoja alinijia siku ya tatu ya homa, ameshamaliza nusu ya dozi ya antibayotiki aliyouziwa bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Alilazwa, akapona. Ile siku ya tatu bado naiona. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi, ni safari ile ile ya hospitali. Muwasho na vipele vidogo vinaweza kusubiri kliniki ya kesho, na ladha ya chakula kupotea huwa inarudi.

Mengine nayapitia haraka. Unayepanga mimba ukiwa kwenye kabimazoli, ongea na daktari kabla, dawa inaweza kubadilishwa. Uliyeshika mimba ukiwa kwenye levothairoksini, usiache. Nenda mapema, mara nyingi dozi inaongezwa. Unga wa mwani unaouzwa kama tiba ya kila kitu una iodini usiyoweza kuikadiria, na tezi yenye ugonjwa haihitaji mshtuko huo. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini viache siku 2 kabla ya kipimo, vinadanganya majibu. Dawa isikae jikoni wala ndani ya gari juani.

Yule mama nilimpeleka kliniki siku ile ile. Alhamisi alirudi na leso yake, safari hii imefunga karatasi ya majibu. T4 iko juu, dozi imerudishwa miligramu 20, na tarehe ya kurudi imeandikwa, wiki ya nne. Mikono ilikuwa bado inatetemeka, itachukua muda. Alitaka kujua jambo moja: mwezi wa Ramadhani ukiingia atamezaje. Nikamwambia kabimazoli haina ugomvi na chakula, ameze mara moja kwa siku pamoja na daku, na kama afya itakuwa haijatengemaa daktari ndiye ataamua kuhusu kufunga. Angekuwa wa levothairoksini ningemwamsha nusu saa kabla ya daku. Akaniomba nimwandikie, macho yake hayaoni maandishi madogo. Nikachukua kalamu nene, nikaandika juu ya boksi la vidonge vya miligramu 5: VINNE, VIZIMA, DAKU.