Je, wajua kwa nini tairi ya theluji haifai hata kwenye baridi ya Mbeya?

Ukienda Mwanjelwa na Harrier au RAV4 yako kuulizia tairi za bei poa, kuna moja utaoneshwa fasta sana, used ya Japani, kashata (yale meno ya tairi) bado mbichi, mpira mlaini hadi ukiubonyeza kwa kucha unaingia, na muuzaji atakwambia "hii mama umepata, hii ni ya nchi za baridi na Mbeya si unaijua". Maelezo yanaingia akilini kabisa, nani asiyejua asubuhi za mwezi wa saba huku kwetu. Shida iko hapohapo.

Soma ubavuni. Ukikuta STUDLESS, au kamchoro ka mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, ujue mara nyingi hiyo ni tairi ya kutembelea barafu. Zamani Wajapani walikuwa wanafunga tairi zenye misumari ya chuma kipindi cha theluji, misumari ikawa inachimba lami na kujaza vumbi mijini, mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuizuia, ndo zikatawala hizi zisizo na misumari ambazo zinashika barafu kwa ulaini wa mpira na vimikato vyembamba vingi kwenye kila kashata. Gari ikitoka mikoa ya baridi kama Hokkaido inaweza kuja nazo kabisa, kwa hiyo hata kama hujanunua nenda kaangalie za kwako.

Ule mpira umetengenezwa ubaki laini hata chini ya nyuzi 0. Tairi ya kawaida inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na sawa, kuna alfajiri huku zinakaribia huko, ila ikifika saa tano jua limewaka na lami imepata moto, hapo tairi ya theluji inajisugua barabarani kama ufutio na kashata uliyoifurahia inaisha haraka. Kuisha tu ningevumilia. Kibaya zaidi ni kwamba kashata laini yenye mikato inacheza, kwenye kona unasikia gari inaelea, na ukikanyaga breki inachelewa kusimama, lami ikiwa na maji ndo balaa, na wewe unaenda Tukuyu ambako mvua haiombi ruhusa. Au unashuka Kitonga kwenda Dar, watoto nyuma, gunia la viazi kwenye buti, unatoka kwenye ubaridi wa Iringa unaingia joto la mibuyu ya Ruaha Mbuyuni!

Namba nazo zinaongea. Tairi mbili zinaweza kuandikwa 225/65R17 zote, saizi ileile, ila moja ina 102Q na nyingine 102H. Ile 102 ni uzito, kilo 850 kwa tairi moja. Q mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, H ni 210. Utasema mimi 160 siendi, sawa, lakini hiyo herufi inakuambia pia tairi inahimili joto kiasi gani ikiwa na mzigo. Studless nyingi ni Q.

M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, SUV nyingi zinakuja nayo.

Basi uchukue ipi? Saizi na upepo vimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, anzia hapo. Kama safari zako ni lami, chukua H/T, ya barabara kuu, haina kelele na kwenye mvua inashika vizuri. Wa Makete na Kitulo, wa matope, A/T, ya njia mchanganyiko, inawafaa, ila mafuta yataongezeka kidogo. M/T, ya matope mazito, kwa gari ya kupeleka watoto shule mi naona ni mbwembwe tu. Halafu tafuta ubavuni neno DOT, namba ya utengenezaji, soma tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Na kama gari yako ni 4WD usichanganye mpya mbili na vipara viwili, mizunguko inapishana na gia za kugawa nguvu ndo zinaumia, na hizo bei yake inazidi tairi zote nne.