Kujaribu Linux Hakufuti Mafaili Yako
Jijini Kampala imejengeka imani kwamba anayetaka kujaribu Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, kwenye kompyuta pakato lazima kwanza afute Windows na mafaili yake yote. Sivyo. Knoppix, toleo la Linux lililotoka mwaka 2000, iliwashwa moja kwa moja kutoka kwenye CD, na leo flashi ya gigabaiti 8 inatosha kwa Linux Mint, toleo jingine la Linux, kwa kuwa mfumo huo hufanyia kazi katika kumbukumbu ya muda, wala hauandiki chochote kwenye diski ya ndani mpaka mtumiaji mwenyewe aamue. Mwendo huwa wa polepole, na wengi huilaumu Linux kwa hilo ilhali kosa ni la flashi. Hatari ya kweli imo katika kusakinisha, yaani kuiweka Linux kwenye diski ya ndani: anayechagua kufuta diski nzima bila kusoma maelezo hupoteza kila kitu.