Mfumuko wa Bei Umeshuka, Mbona Unga Haujashuka?

Kila mwezi takwimu za mfumuko wa bei zikitoka, swali hili huulizwa Soko la Kilombero hapa Arusha na Mbuyuni kule Moshi. Anayeuliza ana haki kabisa. Kinachomchanganya ni kuuchukulia mfumuko kuwa ndiyo bei, ilhali ni kasi ya bei kupanda.

Wastani wa mfumuko Tanzania ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Tangu 2022 umekuwa ukishuka. Lakini kapu la bidhaa lililonunuliwa kwa shilingi 10,000 mwaka 2021 lilifika 10,430, kisha 10,826, kisha takriban 11,160. Bei zingeshuka endapo tu tarakimu ingekuwa chini ya sifuri, na hali hiyo huumiza mkulima na mwajiriwa pia.

Jambo la pili ni kapu lenyewe. Katika kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaani orodha ya bidhaa na huduma inayotumika kupima mfumuko, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 8 na vingine vyote kwa asilimia 1: mfumuko wa taifa utasoma karibu asilimia 3. Familia ya hapa Arusha, eneo la Unga Limited, ambayo asilimia 60 ya matumizi yake ni chakula, itaonja asilimia 5.2. Hakuna aliyedanganya hapo. Makapu ni tofauti.

Wapo wanaosema serikali ichape noti ili watu wapate nafuu. Noti haziongezi hata gunia moja la mahindi sokoni. Fedha nyingi zikigombea magunia yale yale, bei hupanda tu.

Ukitaka kujua mfumuko wa nyumbani kwako, andika bei za vitu unavyonunua mara kwa mara, kisha zilinganishe na za mwezi huo huo mwaka uliopita. Ukilinganisha mahindi ya Machi na ya Agosti, wakati wa mavuno, utakuwa umepima msimu. Pima kwa kilo, maana debe la muuzaji huyu si la yule, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, huvuruga hesabu yote. Hata mkate uliopunguzwa gramu ukabaki na bei ile ile, umepanda: gawanya bei kwa uzito, utaiona tofauti.