Maswali na Majibu: Mtoto Mwenye Meno Yaliyopandana Apelekwe Lini kwa Bingwa?

Bingwa wa kupanga meno anatofautianaje na daktari wa meno wa wilaya?
Daktari wa wilaya huziba, husafisha na kung'oa. Bingwa amesomea zaidi ukuaji wa taya na namna ya kusogeza meno kwa waya, na hupatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili.

Je, si afadhali kusubiri mtoto amalize kubadilisha meno yote?
Hapana. Mtoto aonwe na daktari wa wilaya akiwa na miaka 7, kisha akiwa na miaka 10, hata kama hana maumivu.

Kwa nini miaka 10?
Kwa sababu ya jino la chonge la juu, ambalo huota kati ya miaka 11 na 12, lakini tangu miaka 10 daktari huweza kulipapasa kwa kidole likiwa bado ndani ya ufizi. Asipolihisi, hupiga picha ya eksirei na kumwandikia bingwa. Likionekana limeelekea kwenye kaakaa, mara nyingi kung'oa chonge la utotoni kwa wakati hulirudisha kwenye njia yake: bingwa huamua, daktari wa wilaya hung'oa, na familia huepuka safari nyingine.

Lakini jino lenyewe haliumi. Bado tusisubiri?
Msisubiri. Chonge lililopotea njia huweza kula mzizi wa jino la jirani kimyakimya, na anayeletwa akiwa na miaka 16 huhitaji upasuaji na waya za muda mrefu kwa tatizo ambalo huenda lingemalizwa kwa ganzi moja.

Gego la utotoni likioza, si ling'olewe tu, kwa kuwa jingine litaota?
Likiweza kuzibwa, lizibwe. Gego la mwisho la utotoni likiondoka mapema, gego la kudumu lililo nyuma yake husogea mbele na kuziba nafasi ya jino linalofuata.

Baada ya rufaa, kazi ya daktari wa wilaya imekwisha?
Haijakwisha. Yeye huziba meno yaliyooza kabla ya waya kufungwa, husimamia usafi, na hukata waya inayochoma shavu. Madaktari wenzangu nao wanisamehe: barua ya rufaa isemayo "meno mabaya, msaidieni", bila umri, picha wala orodha ya meno yaliyong'olewa, humlazimisha bingwa kuanza upya. Na mzazi aliyekwisha kupewa barua ya rufaa asiihifadhi kabatini hadi shule zifungwe.